Amplifaya Mbili za Korogwe

Mwaka 1974, ndani ya basi la kwenda Korogwe, nilikaa nyuma ya Mbwana, mpiga gitaa wa bendi ya kijiji cha ujamaa huko Sindeni. Alikuwa akimweleza jirani yake wa kiti, Ernesti, fundi redio wa Kwashemshi, kwamba kijiji kimemtuma achague amplifaya moja, kikuza sauti cha gitaa, kati ya mbili za valvu, zile taa ndogo za kioo, zilizokuwa dukani Korogwe.

"Wiki iliyopita nilizijaribu. Nikasema ile kubwa, maana valvu zake zinawaka vizuri."

"Kuwaka si kulia, ndugu yangu. Sauti je?"

Mbwana akamwinamia. "Nyuzi nyembamba sizisikii tena, tangu masika. Wenzangu hawajui."

Alidhani ananong'ona. Basi zima lilimsikia, na Hamisa, mwimbaji wa bendi hiyo aliyetumwa pamoja naye, alikuwa amekaa kando yangu.

"Waambie," alisema Ernesti.

"Watanipokonya gitaa."

"Usipowaambia, utawachagulia vibaya."

Sote tukajifanya tunatazama mkonge nje. Basi lilipoanza kupunguza mwendo, Mbwana akageuka akitabasamu.

"Hamisa, leo tuchukue ipi?"

"Wewe utapiga, mimi nitasikiliza nyuzi nyembamba," alisema Hamisa, na basi likasimama.