Programu ya Marehemu Iko Kazini

Jumatano, tarehe tisa Juni

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali, Daktari Mkuu, Bi Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta, ambaye marehemu mume wangu alimwita Bosi Mdogo hata mbele ya wageni, ndugu wauguzi, wafamasia na wageni waalikwa:

Mimi ni fundi cherehani, sijazoea kipaza sauti, na tangu asubuhi nacheka peke yangu kama mtu aliyeokota kitu njiani. Mnivumilie. Miezi minane iliyopita, siku ya mazishi yake, nilisimama mbele ya baadhi yenu nikashindwa kutamka neno. Leo maneno yananitoka yenyewe.

Mume wangu aliandika programu inayopanga dozi za dawa kwa uzito wa mgonjwa. Aliiandika miaka ishirini iliyopita, kwa lugha ya kompyuta ambayo humu ofisini alibaki akiijua peke yake. Wenzake waliandika programu ya kuandikisha wagonjwa kwa lugha yao mpya. Alipofariki, Mheshimiwa Mkurugenzi aliuliza swali la haki kabisa: programu mbili zisizoelewana tutaziendeshaje? Akatoa muda mpaka mwisho wa Mei. Zisipounganika, ya zamani itupwe. Sikumlaumu. Ila siku hiyo nilikaa kitandani na viatu miguuni mpaka nikasahau kupika.

Bosi Mdogo akaja nyumbani kuomba madaftari ya marehemu.

"Mama," akaniambia, "kuna kitu kinaitwa mazingira ya kuendeshea programu. Kila programu, iwe ya lugha gani, kwanza inatafsiriwa kwenda lugha moja ya kati. Halafu inapoanza kazi, mazingira yale yanaichukua hiyo lugha ya kati na kuigeuza kuwa maagizo ya mashine, papo hapo. Lugha ya baba nayo ina mtafsiri wake. Nimemtafuta, nimempata."

"Ngoja," nikamwambia. "Si kama dukani kwangu? Mmoja anakuja na picha, mwingine na gauni la shangazi yake, wa tatu anaongea kwa mikono tu. Wote nawachorea karatasi ya kukatia ya aina moja. Mkasi haujui nani alisema nini."

"Mama! Wewe ulikuwa umejificha wapi?"

Akaongeza kwamba mazingira hayo pia yanazuia programu kugusa mahali pasipo pake, na yanafagia kumbukumbu ya mashine: kitu ambacho hakuna anayekitumia tena kinaondolewa. Mume wangu alikuwa akifagia mwenyewe ndani ya programu yake, mstari kwa mstari. Ndugu zangu, nicheke au nilie? Nyumbani hakuwahi kujua fagio linakaa wapi!

Zikabaki siku mbili Mei iishe. Bosi Mdogo na wenzake wakaandikisha orodha ya wagonjwa watano wa kubuni, wakawasha programu zote mbili. Mimi nilikuwa nimefika na daftari la mwisho. Mtoto mchanga wa kilo tatu, wa kwanza kwenye orodha, akapangiwa dozi ya babu wa kilo tisini aliyemfuata. Babu akapangiwa ya bibi harusi, wa tatu. Mgonjwa wa tano hakupata kitu.

"Bosi," akasema Mfamasia Mkuu, naye yuko hapa, asijifiche nyuma ya maua, "hii itupwe. Huyo wa tano ndiye pekee aliye salama!"

Wote wakacheka, isipokuwa Bosi Mdogo. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Mimi nikaitazama ile orodha, nikaona shati lililofungwa vibaya: kifungo cha kwanza kwenye tundu la pili, na vingine vyote vikafuata.

"Mwanangu, kwenu ninyi mgonjwa wa kwanza ni namba ngapi?"

"Sifuri, mama. Lugha yetu inaanza kuhesabu na sifuri."

"Baba yenu alianza na moja."

Nililijua hilo kwa ngazi zetu. Kila jioni alizipanda akizihesabu kwa sauti, moja mpaka kumi na moja. Akifika saba, mimi napakua. Mazingira yalikuwa yametafsiri kila agizo sawasawa. Lakini wa kwanza aitwe namba ngapi, hilo lilikuwa la watu kukubaliana. Bosi Mdogo akarekebisha mstari mmoja tu. Mtoto akapata ya mtoto, babu ya babu. Mfamasia Mkuu akanikumbatia mpaka miwani yangu ikadondoka.

Na leo saa mbili asubuhi, muuguzi wa wodi ya watoto ameandika uzito wa mtoto wa kweli, mwenye homa ya kweli, na dozi imetoka. Wamehakiki mara mbili. Ni sahihi. Mnajua ni nini, mtu wako kuamka kazini?

Nakushukuru, Mheshimiwa Mkurugenzi, kwa kuwapa muda. Nawashukuru nyote mliofika. Bosi Mdogo, wewe sikushukuru. Wewe njoo nikushonee nguo.

Najua programu hazikai milele. Ipo siku hii nayo itastaafishwa, na itakuwa sawa. Siku hiyo ikifika, naomba jambo moja tu: kabla hamjaizima, mnikumbuke. Mnipigie simu, nije niiage.

Ahsanteni, mmenisikiliza kwa upole.