Fundi Thaddée na Sanduku la Sauti

Baada ya miaka kumi na mitatu ya kazi, Mzee Thaddée Bisimwa, fundi wa kituo chetu cha jamii hapa Nakivale, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Wenzake tumebaki tukiulizana nani sasa atapanda juu ya paa kufuta vumbi kwenye sola.

Alipoajiriwa, ofisi yake ilikuwa meza moja, kompyuta moja na jenereta yenye kununa. Foleni ilianza asubuhi: huyu kaleta simu ya vibonye ichajiwe, yule kaleta kadi ya kumbukumbu ya simu ijazwe nyimbo. Jumamosi ukumbi ulifurika watazamaji wa filamu za DVD, ambazo Thaddée alizifuata mwenyewe Mbarara, kule Nyamityobora, akazirudisha amezifunga ndani ya sweta zisikwaruzike.

Leo ngoma iliyotoka Kinshasa jana vijana wetu wameshaicheza mbele ya simu zao, na zile DVD zinaning'inia mashambani kufukuza ndege. Thaddée hakuwahi kulalamika. Akiwa na miaka sitini na mbili alimwomba Sonia wa mapokezi amfundishe kutengeneza video. Ya kwanza ilitoka kichwa chini, naye akaisambaza hivyo hivyo.

Tusimpambe kupita kiasi, kosa lake tunalikumbuka. Mwaka 2015 alichanganya kadi mbili. Mama Doriane, kiongozi wa kwaya, akachomeka yake kwenye spika ya kanisa Jumapili, na badala ya kwaya likalia sebene. Wazee wawili walishaanza kutikisa mabega kabla ya kukumbuka walipo. Kibaya zaidi, nyimbo za kwaya zilizorekodiwa kwa miezi sita zilikuwa zimefutika. Thaddée aliomba msamaha mbele ya waumini wote. Tangu siku hiyo hakujaza kadi ya mtu kabla ya kuomba ruhusa, kuinakili kwenye diski, na kuandika jina la mwenyewe daftarini.

Nakala hizo zilijaza sanduku zima. Tulipopata intaneti, mkurugenzi wetu, Bwana Rwakabuba, alichoka nalo: "Mzee, hii vitu ya zamani wewe tupa."

"Patron, humu muko sauti ya batu," Thaddée akajibu kwa Kiswahili cha kwao, akalisukuma chini ya meza.

Desemba iliyopita Angeline alikuja kuchapisha ratiba ya harusi yake. Alipofika kwenye mstari wa nasaha za mama, akalia. Mama yake, Marthe, alifariki mwaka 2019, na simu yenye sauti yake iliibwa. Sisi tulimpa pole. Thaddée aliuliza jina kamili la marehemu, kisha akainama chini ya meza.

Zilipatikana dakika mbili za sauti, kwenye nakala ya kadi ya marehemu. Marthe anaimba akitwanga sombe, majani ya muhogo, halafu anakatiza wimbo na kumwita binti yake atazame maharage yasiungue. Harusini, sauti hiyo ilipomwita, Angeline aliitika mbele ya wageni wote, kabla hajakumbuka kwamba ni spika. Wengi wetu tulilia, Bwana Rwakabuba akiwemo. Jumatatu yake alilinunulia sanduku kufuli.

Asante sana, Mzee wetu. Ukapumzike vyema kwenye migomba yako kule Ngarama, wewe na mkeo, Mama Adélaïde, kwa afya na amani. Ila kabla hujaondoka, tunaomba ukae dakika mbili mbele ya kinasa sauti, uongee lolote. Jina lako tumeshaliandika daftarini.