Kura Aliyopigiwa Respicius Bitegeko

Marehemu Respicius Bitegeko alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Kamachumu, mkoani Kagera, mtoto wa mwisho wa Mzee Medard Bitegeko na Mama Judica. Alizaliwa na kilo tano. Mkunga alimwambia mama, "Huyu umemzaa ameshakula." Mama alisimulia hayo kwa majivuno mpaka alipofariki, na mimi Domina, dada yake ninayewasomea, niliyasikia mpaka nikachoka.

Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha sekondari. Tusidanganyane mbele ya jeneza: darasani hakuwa mtu wa kutajwa. Kidato cha nne alifeli mara mbili, na mara ya pili vibaya zaidi. Alichokijua ni kusukuma. Masika magari yalipokwama kwenye tope la barabara ya Muleba, abiria wakimwona Respicius anakuja walirudi kukaa ndani. Siku moja alilitoa gari la padri peke yake. Padri akaondoka bila kusimama, akamwachia tope usoni. Alirudi nyumbani anacheka. Ndivyo alivyokuwa: ukimtumia, alifurahi.

Tarehe 24 Julai 1993 alifunga ndoa na Clementina, na Mungu akawajalia watoto wawili, Jeremiah na Lulu. Mwaka 1996 nilimwita huku Guangzhou, China, anisaidie biashara ya viatu. Alimwahidi mke wake kwamba atarudi kwa Krismasi ya mwaka huu wa 1998. Ahadi ameitimiza; anarudi mwezi mmoja kabla.

Kazi yake ilikuwa kwenye soko la Zhanxi, kusukuma mikokoteni ya mabunda ya viatu kutoka madukani hadi kwa wafungashaji. Kichina alichojua ni *laoban*, *tai gui le* na *bu yao*, yaani bosi, ghali mno, na sitaki. Lile la mwisho alilitamka vizuri kuliko yote, lakini sikumsikia akilitumia kwa rafiki hata siku moja. Wachina walimpenda. Alikuwa akiwasukumia na mizigo yao.

Wengi wenu mlimfahamu kwenye mpira wa Kimarekani, ule wa umbo la yai, wa kubeba mikononi na kuangushana. Mwalimu mmoja Mmarekani aliwafundisha, mkaunda timu sita za wafanyabiashara na wanafunzi, mkawa mnacheza Jumapili. Nahodha wa timu yake alikuwa Bwana Humphrey, wakala wa mizigo pale jengo la Tianxiu Dasha, mtaa wa Xiaobei, aliyekaa safu ya mbele na tai yake nyeusi. Humphrey alipita Zhanxi, akaona mkokoteni mzito ukisukumwa na watu watatu, akapata wazo. Ikibaki hatua moja kufunga, Respicius alipewa mpira, akainama, na wenzake wote wakamsukuma matakoni mpaka avuke mstari. Mliuita mchezo huo mkokoteni. Hakuna aliyeweza kuuzuia.

Mwanafunzi mmoja, Erastus, alivunjwa mtulinga na mkokoteni huo, na timu yake ikataka upigwe marufuku. Hata Mmarekani alisema huko kwao, kwenye ligi ya kulipwa, kumsukuma mwenye mpira ni kosa. Humphrey akajibu, "Kwani hapa Amerika? Hapa Xiaobei bwana." Mkacheka. Marehemu naye alicheka, tena sana, na nikamwambia mkuki kwa nguruwe mtamu. Akaniambia, "Dada, mimi ndiye ninayefunga. Kusukuma nimesukuma maisha yangu yote. Leo nasukumwa mimi."

Jumapili ya tarehe 18 Oktoba mkokoteni ulikwama. Wanafunzi walisimama imara mbele, wenzake wakasukuma kutoka nyuma, na yeye katikati. Firimbi ikalia. Wa mbele waliacha, wa nyuma hawakuacha. Shingo ilivunjika. Mzaha mzaha hutunga usaha.

Hospitalini aliwekewa mpira kooni wa kumsaidia kupumua. Daktari alituambia kwamba hawezi kusema, wala kusogeza chochote isipokuwa kope. Tarehe 24 manahodha sita walikutana ofisini kwa Humphrey kuamua kama mkokoteni ufutwe. Watatu walitaka, watatu hawakutaka. Ndipo Humphrey akasema, "Mwenye shingo ndiye aamue." Wakaenda wodini, na machungwa, kwa mtu asiyeweza kumeza. Wakamwinamia. "Respi, kama unataka tuendelee, fumba macho." Akafumba macho. Wakapeana mikono.

Niliwakuta wanatoka. Humphrey akaniambia, "Laoban, tumepata okay yake. Respi ni fighter, hataki game ife."

Niliwarudisha wote kitandani. Nikamwuliza mdogo wangu, "Respi, umekubali waendelee?" Akafumba macho. "Respi, umekataa?" Akafumba macho. "Respi, wewe ni Mchina?" Akafumba macho.

Alikuwa na dawa nyingi mwilini. Alikuwa na usingizi.

Humphrey akasema, "Sawa, Laoban, lakini sisi tulimwuliza kwanza."

Kura ikabaki hivyo hivyo. Nilikwenda Tianxiu kuwaomba muirudie. Nikaambiwa fainali imekaribia. Tarehe 1 Novemba mkachukua kombe, bao la mwisho la mkokoteni, na jioni mkalileta wodini mkamwekea kifuani. Nesi ndiye aliyeliondoa, kwa sababu lilibana mpira wa kupumulia. Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 5 Novemba 1998, saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa nimemshika mkono ambao hakuusikia.

Nawachukia kwa hilo. Mchungaji aliniomba nilifute neno hilo kabla programu haijachapwa, nami nimeliacha. Yeye mwenyewe asingewachukia. Angeinuka sasa hivi angewauliza kama kuna kitu kimekwama.

Marehemu ameacha mke, Clementina. Watoto wawili, Jeremiah mwenye miaka minne na Lulu, ambaye marehemu alimwona mara ya mwisho akiwa na miezi mitatu tu. Baba, Mzee Medard, ambaye bado hajaambiwa. Na dada mmoja. Ameacha pia mkokoteni. Jana Bwana Humphrey alinijulisha kwamba kuanzia msimu ujao mchezo huo utaitwa Respicius, kwa heshima yake.

Timu imeomba, mkiwa mmevaa jezi, mlisukume jeneza kwenye toroli mpaka kwenye gari la kwenda uwanja wa ndege. Familia imekataa. Najua ni mzito, na mnaujua uzito wake kuliko mimi. Mtambeba mabegani, na atakayechoka asimame, wote msimame naye.

Bwana ampokee mdogo wangu kwa mikono yake. Nanyi mlio nyuma yake, mwacheni sasa apumzike.