Pingamizi na Bima ya Afya

Kijiwe cha nyuma ya duka la vipuri kilikuwa na benchi moja, birika moja la kahawa na watu watatu wasiokosa jibu. Fundi saa, ambaye wenzake walimwita Pingamizi, alikaa upandeupande kwa sababu ya ngiri, huu mwaka wa pili. Mkewe alimsihi ajiandikishe kwenye bima mpya ya afya, apasuliwe. Akakataa katakata. Wenzake angewatazamaje, na yeye ndiye aliyeanza kuipinga?

— Sheria hii ni mtego, alisema asubuhi hiyo. Ukijiandikisha tu, serikali inajua una figo ngapi.

— Kwani wewe unazo ngapi? aliuliza kinyozi.

— Hiyo siri yangu.

Kinyozi aliona hoja ina uzito.

— Shemeji yangu kajiandikisha Jumatatu, Jumanne kaanza kuumwa. Miaka yote mzima kama chuma.

— Kadi ndiyo inayoleta ugonjwa, alisema muuza kahawa, aliyeitwa Daktari kwa kuwa aliwahi kufagia zahanati. Tena nasikia ukipona haraka unashtakiwa kwa udanganyifu.

Ndipo akaja dada mmoja na karatasi mkononi.

— Shikamooni wazee. Nakusanya maoni kuhusu sheria ya bima. Mnaunga mkono au mnapinga?

— Tunapinga, walijibu kwa pamoja.

Akaandika.

— La mwisho. Mkiugua, huwa mnatibiwa wapi?

Kinyozi alichungulia kikombe chake. Daktari alianza kupangusa birika lililokwisha kupanguswa. Pingamizi alifungua mdomo ajibu, ngiri ikamchoma, jibu likamtoka kichwani. Akamkumbuka mkewe alivyomkazia mkanda wa kitambaa wa kushikilia ngiri alfajiri, bila kusema neno. Lile la kutosema ndilo lililomuuma zaidi.

Dada akashukuru, akaenda zake. Pingamizi akainuka taratibu, akadai anakwenda kujisaidia, akamfuata hadi akamfikia penye kona.

— Umeniandika napinga?

— Ndiyo, mzee. Nibadilishe?

— Usibadilishe. Msimamo ni msimamo. Nionyeshe tu wanapoandikisha watu.

Kabla dada hajajibu, mtu akakohoa nyuma yao. Alikuwa kinyozi, na Daktari kando yake, anafuta mikono kwenye aproni.

— Tumekuja kukusindikiza, kinyozi alisema, macho yakiwa chini. Ila dada, na sisi usitubadilishe.