Orlane, Aliyekataa Mashine Ibahatishe

Padri wetu, ndugu na jamaa, majirani wa Kamenge, na ninyi nyote mliokuja kumsindikiza Orlane, mimi ni Concilie, dada yake mkubwa, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake mbele yenu, nanyi mtanivumilia, kwa sababu kuna jambo nitakalolisoma ambalo kwa kawaida halisomwi msibani.

Orlane Niyonizigiye alizaliwa tarehe 9 Mei 1986 hapa Kamenge, Bujumbura, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Gélase, fundi wa redio, na mama yetu Générose aliyeketi hapo mbele, akaanza shule ya msingi mwaka 1993, masomo yakakatika mwaka 1995 tulipoukimbia mtaa huu kwa sababu ya vita, akarudi darasani tuliporudi, akamaliza sekondari upande wa sayansi mwaka 2007, kisha akaingia chuo kikuu kusomea enformatiki, yaani elimu ya kompyuta, akahitimu mwaka 2011. Huko chuoni ndiko alikokutana na Bonfils, wakasoma pamoja, wakala sahani moja, hata mama akawa haweki sufuria motoni kabla ya kuuliza kama Bonfils atakuja.

Tarehe 11 Agosti 2012, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na shemeji yetu Arnaud, mwalimu wa hesabu, na aliyesimama kanisani kama shahidi wake ni Bonfils, na Mungu alipowajalia Ingrid mwaka 2014, na mdogo wake Landry mwaka 2017, huyo Bonfils ndiye aliyekuwa baba wa ubatizo wa Ingrid.

Kuhusu kazi, mwaka 2013 Orlane na Bonfils walifungua ofisi ndogo hapa Kamenge, na kwa kuwa wengi wenu mlikuwa mkituuliza mdogo wetu anafanya nini kwenye ile kompyuta, nitaeleza kama alivyotueleza sisi nyumbani. Vituo vya afya vilikuwa vikituma habari za wagonjwa katika mafaili ya XML, yaani maandishi ambayo kila habari imewekwa kati ya alama ya kuifungua na alama ya kuifunga, jina, umri, uzito, dawa inayomdhuru mgonjwa, lakini mashine haiwezi kufanya kazi na maandishi matupu, kwa hiyo Orlane aliandika programu ya kuyasoma na kumfanya kila mgonjwa kuwa objeti, yaani kitu kimoja kamili ndani ya mashine, chenye sehemu zake, ambacho daktari akikiuliza, umri gani, dawa gani imkae mbali, kinajibu palepale. Na alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza, kwamba faili likifika bila ile sehemu ya dawa inayodhuru, programu isimame na kusema sehemu hiyo haipo, ili mtu aende kumuuliza mgonjwa mwenyewe, kwa maana kukosa habari si sawa na kukosa hatari. Alikuwa akituambia, "Kama faili imenyamaza, mi siwezi kusemea mugonjwa."

Mwezi wa Machi 2019 walikuja wageni wafadhili kuiangalia programu hiyo, Orlane akiwa nyumbani anamuuguza Landry, na mafaili siku hiyo yalifika na mapengo, mashine ikasimama, ikasimama tena, wageni wakaanza kutazamana, ndipo Bonfils akaliondoa lile sharti, akaiamuru programu kwamba penye pengo ijaze neno "hakuna". Wageni wakafurahi, wakapiga makofi, wakaondoka, na Bonfils hakulirudisha sharti, wala hakumwambia mwenzake.

Tarehe 21 Mei mwaka huohuo, mama mmoja mfanyabiashara wa Gatumba, Mwanasiti, alifika kituo cha afya akiwa na homa kali, hawezi kusema, na faili lake lilikuwa halina ile sehemu, objeti iliyotoka humo ikamjibu muuguzi kwamba hakuna dawa inayomdhuru, akadungwa sindano ya penisilini, ambayo mwili wake hauikubali tangu utotoni, pumzi ikamziba, na ni jitihada za wauguzi walewale zilizomrudisha.

Tarehe 6 Juni Orlane na Bonfils waliitwa na wakubwa wa vituo vya afya kwenye mkutano mtaani Kiriri, wakaulizwa nani aliandika sehemu inayosoma mafaili, na Bonfils akajibu, "Ni Orlane." Wapendwa, maneno hayo yalikuwa ya kweli, na hapo ndipo palipouma, kwa kuwa alichukua ukweli nusu akamfunika nao rafiki yake. Orlane alieleza kwamba sharti lilikuwemo na kwamba si yeye aliyelitoa, lakini wakubwa wale walikuwa wameshapata jina walilolitafuta, na Bonfils alikuwa anaangalia dirishani.

Walipotoka nje alimuuliza, "Bonfils, ni weye ulitoa?" naye hakukataa, alisema, "Ni mimi. Lakini we uko na jina, watakusamehe. Mi nikisema ni mimi, nimekwisha." Orlane alinieleza haya siku ileile, tumekaa jikoni kwangu, hakulia, aliniuliza tu, "Dada, mutu anaweza kukujua miaka yote ile, asikujue?"

Wakubwa wale walimwondoa kwenye kazi ya vituo vyao mwezi uleule. Kabla ya jambo lingine lolote alikwenda Gatumba, akabisha kwa Mwanasiti, akamweleza yote bila kujitetea, na Mwanasiti, ambaye yuko hapa pamoja nasi, alimjibu, "Weye ndiye umekuja. Wale wengine, sijaona hata mumoja." Mafuriko ya mwaka 2020 yalipoingia nyumba za Gatumba, Orlane ndiye aliyekwenda kumleta, wakaishi nyumba moja hapa Kamenge mpaka maji yalipokauka, huyu akisali sala yake na yule akisali yake, na watoto wakamwita mama mkubwa. Kuanzia hapo Orlane aliiandika programu upya peke yake, sharti lake likiwemo, na zahanati ya mtaa wetu ikaipokea, akafundisha pia vijana wa chuo, na ninyi wanafunzi wake mnajua alivyokuwa akiwarudisha mezani mkijaribu kubahatisha.

Mwaka 2023 mafigo yake yalianza kumsumbua, akatibiwa hapa Bujumbura, akapata nafuu, akarudi kulazwa mwezi wa Agosti mwaka huu, na alifariki Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, asubuhi, mikononi mwa mume wake, ameacha mume, watoto wawili, mama na sisi ndugu zake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliobeba maji, kuni na vyakula bila kuitwa, mama Mwanasiti aliyelala pembeni mwa kitanda chake kama dada wa tumbo moja, wanafunzi wake, na wenzake wa kazi. Katika hao wenzake, Bonfils ametutumia ujumbe akiomba apewe kipaza sauti aseme maneno machache kama rafiki wa zamani. Orlane alijua ataomba, na wiki moja kabla ya kutuacha alituachia jibu, nami nalisoma kama alivyolitamka, "Akikuja, musimufukuze, mumupatie kiti. Mikro, apana." Bonfils, kiti umepewa.

Dada yangu, sasa pumzika, na Mungu aliyekujua mzima, bila pengo, akupokee kwa amani yake.