Njia ya Makindu: Maisha ya Gabriel Musyoka Mumo (1951–2025)

Marehemu Gabriel Musyoka Mumo alizaliwa Makindu tarehe 14 Machi 1951, kifungua mimba wa Mzee Mumo Kioko, kibarua wa kutengeneza reli, na Mama Syombua. Nyumba yao ilikuwa karibu sana na reli, hata gari la moshi likipita vikombe vililia kabatini. Mwenyewe alipenda kusema kwamba alibembelezwa na mabehewa, na mpaka uzeeni, pakiwa kimya mno, usingizi ulimpaa.

Mwaka 1959 babake alihamishiwa Mombasa, naye Gabriel akapandishwa gari na mamake, aliyebaki kulima. Mama alisimama chini ya dirisha akamwambia, "Nenda usome, kisha urudi." Alisoma Tononoka, akamaliza kidato cha nne mwaka 1970. Hesabu aliziweza, Kiingereza kilimpiga chenga, na wajukuu wake ni mashahidi.

Aliajiriwa na reli mwezi Februari 1971, akakaa katika chumba cha ishara cha Stesheni ya Mombasa miaka thelathini na miwili, hadi alipostaafu mwaka 2003. Kazi ile ilikuwa na sheria moja aliyoishika kama sala. Reli ilikuwa moja tu, magari yakienda na kurudi juu yake, basi hakuna gari lililoruhusiwa kuondoka kabla ya stesheni ya mbele kuulizwa kama njia ni wazi, na kujibu. Usipojibiwa, unangoja. Haidhuru nani yumo ndani, haidhuru ana haraka gani.

Sheria hiyo ilimgharimu. Mwezi Agosti 1984 alipata habari kwamba mamake yu mahututi. Mwenzake wa kumpokea zamu hakutokea, naye hakukiacha chumba. Alifika Makindu siku mbili baadaye akakuta udongo ungali mbichi. Waliomjua walijua kwamba jambo hilo lilimkaa moyoni kama mwiba.

Mkewe, Bi Mwikali, mzee alimwona kwanza kupitia dirisha la chumba hicho hicho, mwaka 1975, akishuka kwenye gari la bara na kuku wawili. Mtu mwingine angekimbia kumpokea. Yeye alimaliza zamu yake, kisha akamtafuta wiki mbili, mpaka alipomkuta kanisani. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa watoto wawili, Beverly na Mumo. Mama alituambia sisi wanawe kwamba kuku mmoja alikuwa bado hai siku ya harusi, akaliwa.

Gari la abiria la njia ya zamani lilipoacha kwenda bara mwaka 2017, mzee alipima sebule yake kwa futi. Kisha akamwendea seremala Fondo, jirani yetu wa Tononoka, akaagiza meza ya futi kumi na tatu. Fondo alidhani kuna karamu. Meza ikaingia sebuleni, makochi yakatoka, na mzee akaanza kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Makindu. Reli zenyewe alizikata kwa makopo ya mafuta ya kupikia. Vilima alivifinyanga kwa magazeti na uji wa sembe, mpaka panya wakala Voi yote akaijenga upya. Gari lenyewe, la kuchezea watoto, alilipata mitumbani, likiwa limekufa mashine.

Mwaka uliofuata mikono ilianza kumtetemeka. Daktari akasema ni ugonjwa usio na dawa ya kuuondoa. Reli zilikuwa zimefika Mtito Andei, na kila alipojaribu kuunga kipande kimoja, vidole vilivunja viwili. Hapo ndipo alipotoka kutafuta msaada. Alilibeba gari lake ndani ya kitambaa, akazunguka kisiwa kizima. Fundi wa simu karibu na Feri alimwuliza kama mjukuu ndiye aliyelivunja. Mwingine alimshauri anunue jipya. Alirudi kila jioni amechoka, akalipangusa vumbi, akalala.

Mwisho alifika mtaa wa Kuze, kwenye duka la fundi wa saa, Bwana Aidarus. Baada ya kusalimiana na kuulizana hali kama ipasavyo, mzee alifungua kitambaa.

"Mzee wangu, mimi ni wa saa," fundi alisema. "Lakini hebu nilitizame. Wataka lende wapi?"

"Makindu."

"Na hiyo Makindu iko wapi?"

"Mwisho wa meza, karibu na mlango wa jikoni."

"Basi si mbali. Litafika inshallah."

Tangu siku hiyo Aidarus alikuja nyumbani kila Jumamosi, lenzi yake jichoni, akaunga reli ambazo mikono ya mzee haikuziweza tena. Ndani ya gari alitia meno ya saa ya ukutani. Hapo alikosea kosa ambalo fundi wa saa peke yake angeweza kulikosea: gari likawa na mwendo wa mshale wa dakika. Ukilitazama huoni likienda. Ukigeuka kunywa chai, ukirudi, limepita Mariakani. Fundi aliona haya, akataka kulifungua tena.

"Usiliguse," mzee akamwambia. "Nilipokuwa mtoto, safari ilikuwa ndefu hivi hivi."

Safari ya kwanza ilikuwa tarehe 13 Julai 2019. Kwa kuwa meza iliishia mlango wa jikoni, mama yetu alifanywa mkuu wa stesheni ya Makindu bila kuombwa. Mzee aliita, "Makindu, njia wazi?" Mama akajibu, "Njia wazi, leta." Gari liliondoka adhana ya alasiri ilipokwisha, likafika karibu na magharibi. Majirani waliokuja kutazama walisinzia vitini. Mzee hakusinzia. Alivua kofia, akasema kwa Kikamba, polepole, kwamba amefika.

Miaka sita iliyofuata, gari lilisafiri karibu kila siku, na kila siku aliomba njia. Mara nyingine alijibiwa, "Ngoja, Makindu nakaanga samaki!" Alingoja.

Mwishoni mwa Agosti mwaka huu kifua kilimbana, akalazwa hospitalini. Alasiri ya Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, alifumbua macho akasema, "Makindu, njia wazi?" Mama alijua anachoulizwa. Akajibu, "Bado, Baba Beverly. Ngoja kidogo." Mzee akatikisa kichwa, kukubali. Mama akatoka kumtafutia uji. Aliporudi, saa kumi na dakika tano, mzee alikuwa ametutoka.

Tangu siku hiyo mama alikuwa na neno moja tu: "Ameondoka bila kujibiwa. Na mimi ndiye niliyemnyima." Tulimfariji, asifarijike. Jana Fundi Aidarus alikuja kutupa pole, akaketi kando ya meza, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Mama, yule bwana hakuondoka bila ruhusa hata siku moja. Hajaondoka. Yuko stesheni, yuwangoja."

Marehemu ameacha mjane, Bi Mwikali; watoto wake, Beverly na mumewe Griffins, na Mumo na mkewe Caroline; wajukuu wanne; na rafiki yake, Fundi Aidarus wa Kuze. Baada ya ibada hii ya Tononoka, gari litamchukua hadi Makindu, naye atalazwa kesho ubavuni mwa Mama Syombua.

Mama ameomba jibu lake liandikwe hapa, lisomwe kwa sauti, ili marehemu alisikie kabla ya kuondoka: Baba Beverly, njia wazi. Nenda, upumzike kwa amani.