Grisi Kwenye Klachi ya Trekta

Ndugu zangu, najua kuna mtu anajiuliza huyu amesimama hapa kanisani kutafuta nini. Hata mimi ningejiuliza. Mimi ni mtu wa kushuku, mama yangu mwenyewe anajua.

Mnaijua ile trekta kuukuu inayolima mashamba mapya hapa Makueni, ile ya klachi ya mkono. Mimi na mwenzangu tuliiendesha kwa zamu. Mwaka jana, mvua ikikaribia, klachi ikaanza kuteleza. Unasukuma ule mkono, injini inanguruma, trekta haisogei. Bwana mkubwa, mwenye trekta, akasema isipolima Jumatatu, sisi wawili twende nyumbani.

Mimi nikajua ni mwenzangu anaiharibu, nifukuzwe abaki peke yake. Mbona anacheka na bwana mkubwa? Mbona ananawa mikono sana? Nikaufungia mkebe wa grisi kwangu, ufunguo shingoni. Kila asubuhi nikaipaka mashine mwenyewe, grisi nyingi, asipate kisingizio. Klachi ikazidi kuteleza.

Basi nikamwita mharibifu mbele ya mke wake, nikadai ale kiapo cha kithitu. Mimi, niliyebatizwa! Nanyi mnakijua kiapo hicho: mwongo anakufa, na watoto wake wanafuata.

Mwenzangu akachukua spana. Akasema, "Sawa, kesho nitakula. Na wewe utakula, useme sio wewe. Lakini leo tufungue hii klachi tuone."

Tukatoa kifuniko. Ndugu zangu, sahani za klachi ile hutakiwa ziwe kavu kabisa. Zilikuwa zimelowa grisi, na mwenye grisi ni mimi peke yangu. Mwanzo nati zilikuwa zimelegea tu. Mengine yote niliyafanya mimi.  Kesho yake ningeapa uongo, na nina watoto wanne.

Yeye hakunicheka. Alileta petroli, tukaosha sahani moja moja, tukakaza nati kidogo kidogo, mpaka mkono ukaingia kwa nguvu ukalia ta! Jumatatu tulilima.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru wazee waliovunja kikao cha kiapo kilichopangwa kesho yake, na mke wangu aliyekataa kunipikia jioni ile mpaka niombe msamaha. Ukimshuku mtu, tazama kwanza mikono yako.

Mwenzangu nilimwomba msamaha siku ile ile, tukiwa wawili tu. Lakini tusi nililitoa mbele ya mke wake, naye ameketi pale, hajanisalimia tangu mwaka jana. Dada yangu, mume wako hakuharibu kitu. Ni mimi.